Nyumba ya kustaafu: mteja wangu halisi ana miaka 80

Wateja wa nyumba za kustaafu huja ofisini kwangu na picha kwenye simu. Ghorofa, roshani, ngazi ya kujipinda, sebule inayotosha kuchezea mpira. Huwa nazitazama zote bila haraka, maana ndoto ya mtu haidharauliwi. Nikimaliza nauliza, "Huyu atakayeishi humu ana miaka mingapi?" Mtu anajibu 53. Namwambia huyo wa miaka 53 ni mlipaji. Mwenye nyumba ana miaka 80, na bado hatujamuuliza anataka nini.

Wengine hucheka. Mmoja alinuna, akachukua picha zake akaenda kwa msanifu mwingine. Simlaumu, kwani hakuna anayependa kuchorewa uzee wake kwenye karatasi. Lakini nimechora nyumba za aina hii kwa zaidi ya miaka 20, na wanaonirudia kutaka marekebisho ni wale wale: walijenga nyumba ya siku ya kuhamia, sasa wanaomba niwatafutie namna ya kuishi ndani yake.

Ugomvi wetu huanzia kwenye ngazi. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni kama mita 3. Kidato kinachopandika bila kuchosha kina kimo cha sentimita 17 hivi, kwa hiyo ni vidato 17 au 18 kila unapokwenda kulala, na vingine kama hivyo kwa kila miwani uliyoisahau juu. Goti la miaka 53 halivihesabu. Jibu ninalopewa ni, "Tukizeeka tutahamia chini." Sawa, nionyeshe basi hicho chumba cha chini. Mara nyingi ni kichumba cha wageni kisicho na bafu, na kitanda cha watu wawili kikiingia, mlango haufunguki wote.

Ikiwa kiwanja ni kidogo na ghorofa haliepukiki, huwa naweka makabati mawili ya ukubwa sawa, moja chini na jingine juu yake moja kwa moja, kila moja kama mita 1.5 kwa 1.5. Leo yatatunza mashuka na masanduku. Siku lifti ndogo ya nyumbani itakapohitajika, nafasi yake ipo, na hakuna nguzo wala boriti ya kuvunjwa.

Hata nyumba isiyo na ghorofa ina ngazi yake ya siri, nayo ni kimo cha msingi. Watu hupenda nyumba iliyoinuka, inapendeza kutoka barabarani. Sasa fanya hesabu. Njia ya mteremko inayofaa kiti cha magurudumu isiwe kali kuliko 1 kwa 12, maana yake kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za kwenda mbele. Sakafu ikiwa sentimita 60 juu ya ardhi, unahitaji mteremko wa mita 7.2, na bado hujahesabu sehemu tambarare ya kugeukia. Wengi hawana urefu huo mbele ya mlango. Ndiyo maana huwa naomba kuona kiwanja baada ya mvua kabla sijakamata kalamu: maji yanatoka wapi, yanasimama wapi. Kiwanja kikipangiwa mifereji vizuri na udongo ukachongwa kuelekeza maji mbali na kuta, nyumba haihitaji kupandishwa juu kama ghala.

Sasa bafu. Hapa nitakaa kidogo.

Miaka mingi nyuma nilimchorea mama mmoja bafu zuri sana, mlango wake ukifunguka kuelekea ndani kama milango karibu yote. Mama aliteleza, akaanguka nyuma ya mlango ule ule. Watoto wakaja, wakasukuma, mwili wake ndio uliokuwa umeuzuia. Walilazimika kung'oa bawaba. Alipona, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo mlango wa bafu ninaouchora hufunguka nje au huteleza pembeni. Ni mstari mmoja kwenye ramani na haugharimu chochote. Nilikuwa nimefundishwa kuuchora ndani, nikauchora ndani.

Upana nao. Kiti cha magurudumu kinahitaji uwazi wa sentimita 82 hivi, na uwazi hupimwa mlango ukiwa umefunguliwa, kutoka kwenye ubao wake hadi fremu ya upande wa pili. Kwa hiyo agiza mlango wa sentimita 90. Fundi atakwambia bafu ni 70 siku zote. Mwambie la kwako ni 90. Ndani, acha duara la mita 1.5 lisilo na kitu. Duara hilo ndilo linalomwezesha mwenye kiti kugeuka, na pia linamtosha mtu mwingine kusimama pembeni ya mzee na kumsaidia kuoga, jambo ambalo huja mapema zaidi kuliko hicho kiti.

Halafu kuna kile kizingiti cha sehemu ya kuogea, kile kituta cha sentimita 10 cha kuzuia maji. Hicho ndicho mguu hukwaa. Unaweza kukiondoa kabisa ukiiacha sakafu iteremke kidogo kuelekea kwenye tundu la maji, sentimita 2 kwa kila mita. Tatizo ni kwamba uamuzi huu hufanywa kabla jamvi, yaani zege la sakafu, halijamwagwa. Eneo la kuogea linapaswa kushushwa sentimita kadhaa wakati wa kumwaga zege, ili mteremko upate pa kukaa. Ukikumbuka wakati wa kubandika marumaru umechelewa, maana itabidi upandishe sakafu yote ya bafu, na kituta ulichokikimbia utakikuta mlangoni.

Vishikio vya ukutani wateja hawavitaki, wanasema vinafanana na hospitali. Siwalazimishi. Ninachowalazimisha ni ukuta wenyewe: pembeni ya choo na kwenye sehemu ya kuogea, kwa kimo cha sentimita 80 hadi 95 kutoka sakafuni, matofali yawe ya kujaa au matundu yake yajazwe zege. Kishikio kinapaswa kubeba zaidi ya kilo 110 mtu anapokidaka kwa ghafla, na skrubu iliyoshika tofali lenye uwazi itachomoka na mtu wake. Ukuta ukishakuwa imara, kishikio utakifunga siku utakayoona kinahitajika. Kuna mteja aliyenibishia mwezi mzima, kisha akavifunga viwili wiki aliyohamia, kwa sababu mkewe alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Taulo anazitundika hapo hapo.

Marumaru za kung'aa ziishie ukutani. Sakafuni weka za kukwaruza, tena ndogo, kwa sababu zinapokuwa ndogo viungo vinakuwa vingi na mguu uliolowa unapata pa kushika.

Haya si mawazo yangu niliyoyaota. Yana historia. Msanifu wa Marekani Ronald Mace, aliyeugua polio utotoni na kutumia kiti cha magurudumu, ndiye aliyeeneza wazo la kusanifu majengo yanayofaa watu wa umri na uwezo wowote, na mwaka 1997 yeye na wenzake wakatoa kanuni 7 zinazofundishwa hadi leo. Ninachokipenda katika wazo lake ni kwamba nyumba kama hiyo haionekani ya mgonjwa. Mlango mpana unapitisha pia kochi na kitanda cha mtoto. Swichi kubwa unaiwasha kwa kiwiko ukiwa umebeba mizigo. Soketi iliyopanda hadi sentimita 45 inampumzisha mgongo hata kijana.

Na taa, jamani. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takribani theluthi moja ya nuru inayolifikia jicho la kijana wa miaka 20. Chumba unachokiona kina mwanga wa kutosha leo kitakuwa pango baadaye. Ongeza madirisha, ongeza taa, hasa njia ya kutoka kitandani hadi chooni. Madirisha makubwa lakini yasielekezwe magharibi, kwa sababu jua la alasiri huja likiwa limeinama, na kivuli cha paa hakilizuii. Upande huo weka stoo, bafu au ukuta mtupu.

Tuje kwenye pesa. Neno letu la kiinua mgongo linanifurahisha na kunisikitisha. Nimeona kiinua mgongo kikigeuka kivunja mgongo. Mtu anapokea fedha zote mara moja, hajawahi kuzishika nyingi kiasi hicho, anachimba msingi wa nyumba ya vyumba 6. Kuta zinapanda haraka, watu wanampongeza. Paa linafunikwa. Hapo anaamini amemaliza, kumbe kwa uzoefu wangu boma likishaezekwa umefika nusu ya safari, na wengine hawajafika hata hiyo nusu. Ukamilishaji hauonekani kwa mbali lakini unakula: madirisha, milango, nyaya, mabomba, lipu, dari, sakafu, rangi, makabati, mfumo wa maji taka. Mshahara umekwisha, na boma halimwongopei mtu: mvua inaingia, nondo zilizoachwa zikichomoza zinaliwa na kutu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye miaka 10 ya kazi iliyobaki ni kujenga kiini kidogo na kukimaliza kabisa, hadi pazia. Chumba kimoja kikubwa chenye bafu lile nililolieleza, kingine cha ziada, jiko, sebule, baraza. Kisha chora upanuzi kwenye ramani ile ile tangu mwanzo. Kwenye ukuta ambapo mlango wa baadaye utapita, weka linta, ile boriti fupi ya juu ya mlango, sasa hivi na uzibe chini yake kwa matofali. Siku ukitaka kuongeza chumba unatoa matofali tu, nyumba haitikisiki. Siku isipofika, hakuna aliyepungukiwa.

Watoto watalala wapi wakija? Naulizwa kila mara. Mimi nauliza watakuja siku ngapi kwa mwaka. Vyumba 3 vinavyosubiri wageni wa wiki mbili vinataka kufagiliwa, kupakwa rangi na kuzibwa paa linapovuja wiki zote 52, na anayefanya hivyo ni yule wa miaka 80. Paa lenyewe liwe la umbo rahisi. Kila pale miteremko miwili ya paa inapokutana na kufanya bonde ni mahali pa kuvuja siku moja, na wewe hutapanda juu kutazama.

Jambo moja la ufundi nalirudia kwa kila mteja hata akinichoka: zege halikauki, zege linaiva. Linahitaji maji ili saruji ishikamane, ndiyo maana humwagiliwa au kufunikwa kwa angalau siku 7, na nguvu yake kwa desturi hupimwa siku ya 28. Wakati huo huo, maji mengi ndani ya mchanganyiko ni sumu. Mtafiti wa zege wa Marekani, Duff Abrams, alionyesha mwaka 1918 kwamba uwiano wa maji na saruji ndio unaoamua nguvu ya zege, kadiri maji yanavyozidi ndivyo linavyodhoofika. Fundi anayeongeza ndoo ili zege limiminike kwa urahisi anajipunguzia jasho lake kwa gharama ya uzee wako. Wakati wa kumwaga jamvi uwepo, au awepo unayemwamini na anayejua anachokitazama. Ndugu mwenye nia njema lakini asiyejua tofauti ya zege na uji ni mtazamaji tu.

Hati ya kiwanja, vipimo vya mipaka, kibali cha ujenzi, upimaji wa udongo: vyote kabla ya tofali la kwanza. Hakuna la kujadili hapo. Na tenga akiba ya asilimia 10 hadi 15 juu ya makadirio, isiguswe kwa ajili ya geti zuri zaidi.

Nimalizie na zoezi ninalowapa wateja kabla ya kusaini ramani. Tunakwenda kiwanjani na kamba, vigingi na chokaa, tunaichora nyumba chini kwa ukubwa wake halisi. Wanaleta viti viwili. Mwaka juzi mzee mmoja na mkewe walikaa ndani ya sebule yao ya chokaa, ya mita 9 kwa 7, kila mmoja kwenye kona yake kama walivyopanga makochi. Mke akasema kitu, mume akauliza, "Umesema nini?" Akarudia. Mume akainuka, akakokota kiti chake hadi karibu na cha mkewe, akakaa. Kisha akaniita nilete chokaa, akaniambia ukuta upite hapa.