Jumapili kwenye redio za Uingereza: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana: Redio ya Uingereza ni ile BBC tunayoisikia huku kwetu.

Mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura akisema kasikia jambo "redio ya London", mara nyingi anamaanisha Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza kurusha matangazo Juni 1957, pamoja na Dira ya Dunia yake. Hiyo ni sehemu ya huduma ya dunia ya BBC, iliyozaliwa Desemba 1932 kwa ajili ya wasikilizaji wa makoloni na ng'ambo. Msikilizaji wa Leeds au Bristol ana stesheni zake nyingine kabisa: Radio 1 ya vijana, Radio 2 ya nyimbo za kila rika, Radio 3 ya muziki wa klasiki, na Radio 4, ambayo karibu yote ni maneno. Idhaa ya dunia ya Kiingereza huikuta zaidi usiku wa manane, Radio 4 inapofunga na kuyaachia masafa yake.

Na hiyo Radio 4 siku ya Jumapili ni chakula cha sinia. Alfajiri husikika kengele za kanisa fulani, kila wiki mnara mwingine. Baadaye ibada, gumzo la magazeti, tamthilia ya wakulima, mgeni na nyimbo zake, mchana maswali ya bustani, kisha mchezo wa redio, na usiku siasa. Anayedhani Waingereza hukaa siku nzima wakisikiliza taarifa ya habari hajawahi kuiacha redio ya huko ikilia tangu asubuhi hadi jioni.

Dhana: Jumapili ya namna hiyo, ya mseto wa maneno na muziki, ni desturi yao ya tangu mwanzo.

Hapa ndipo pana hadithi. BBC ilianza matangazo Novemba 1922, na aliyeishika usukani ni John Reith, Mskoti, mtoto wa mchungaji wa Kipresbiteri. Kwake Jumapili ilikuwa Sabato. Kwa miaka mingi redio ilinyamaza asubuhi yote ili isishindane na makanisa, na ilipofunguliwa ilileta ibada, mihadhara na muziki mzito. Kuna kipindi walipiga kantata za Bach, yaani nyimbo ndefu za ibada za kwaya na ala, wiki baada ya wiki. Muziki wa dansi ulikuwa mwiko siku hiyo, na vichekesho pia. Mfanyakazi wa kiwandani, ambaye Jumapili ndiyo siku yake pekee ya kupumzika, aliambiwa akae kitako astaarabike.

Mfanyakazi huyo akazungusha kitufe. Kuanzia 1931 ilisikika Radio Normandy kutoka Fécamp, pwani ya Ufaransa, ikirusha vipindi vya Kiingereza vilivyoandaliwa na kampuni ya Leonard Plugge, mfanyabiashara aliyekuja kuwa mbunge. Mwaka 1933 ikafuata Radio Luxembourg, yenye mtambo wa masafa marefu ulioifikia Uingereza bila shida. Huko kulikuwa na bendi za dansi, wachekeshaji, na matangazo ya biashara yaliyopigwa marufuku BBC: sabuni, dawa ya meno, unga wa supu. Kinywaji cha Ovaltine kilikuwa na chama chake cha watoto kilichokutana hewani kila Jumapili jioni, chenye beji na maneno ya siri. BBC ililalamika, Posta ya Uingereza ikalalamika, lakini uchunguzi wa wasikilizaji wa miaka hiyo ulionyesha wazi kwamba siku ya Jumapili umma ulikuwa umehamia Luxembourg.

Reith aliondoka 1938. Kilichoivunja Jumapili yake kabisa ni vita, ambayo Waziri Mkuu Neville Chamberlain aliitangaza redioni asubuhi ya Jumapili, 3 Septemba 1939. Mwezi huohuo stesheni hizo za ng'ambo zilikoma kurusha vipindi vya Kiingereza, na Januari 1940 BBC ikaanzisha idhaa ya wanajeshi waliokuwa Ufaransa. Askari waliokaa mahandakini bila la kufanya hawakutaka mahubiri mchana kutwa. Wakapewa dansi na vichekesho, Jumapili ikiwemo, na familia zao nyumbani zikasikiliza masafa hayohayo. Mwaka 1945 idhaa hiyo ikageuzwa kuwa Light Programme, idhaa ya burudani kwa raia wote, na hakuna aliyethubutu kurudisha Sabato. Kwa hiyo Jumapili wanayojivunia leo waliirithi kwa wauza sabuni na kwa jeshi. Wakubwa wa BBC walikokotwa kuifikia.

Dhana: Vipindi vya salamu ni mambo yetu ya Afrika Mashariki tu.

Kadi za salamu, majina marefu ya ukoo na "wote wanaonifahamu" ni vyetu kweli. Lakini Waingereza nao walikuwa na kipindi cha salamu kilichotawala mchana wa Jumapili kwa miongo mitatu na zaidi. Kiliitwa Family Favourites na kilianza 1945, wakati maelfu ya vijana wao walipokuwa kambini Ujerumani. Mtangazaji mmoja alikaa London, mwingine Hamburg. Mama wa Sheffield anamwombea mwanawe wimbo, mwana naye anamjibu kwa wimbo wake. Jean Metcalfe wa upande wa London na Cliff Michelmore wa upande wa Hamburg walifahamiana kwanza kwa sauti tu, kupitia laini ya studio. Walioana 1950. Ni kazi nzuri ya posa kuliko zote zilizowahi kufanywa na mafundi mitambo.

Waingereza wa umri fulani ukiwatajia kipindi hicho watakutajia nyama ya kuoka, maana kilikuwa hewani wakati chakula cha mchana kikiwa jikoni. Kikiisha, baadaye mchana huohuo aliingia Billy Cotton na bendi yake, akifungua kwa ukelele wa kuwaamsha walioshiba.

Dhana: Desert Island Discs ni mazungumzo huru tangu siku ya kwanza.

Kipindi hiki humwuliza mgeni: ukitupwa kisiwani peke yako, utachukua rekodi gani nane, kitabu gani, na anasa gani moja? Biblia na Shakespeare anapewa bure. Kilirushwa mara ya kwanza 29 Januari 1942, mgeni akiwa mchekeshaji Vic Oliver, na aliyekibuni, Roy Plomley, alikiendesha hadi alipofariki 1985. Lakini miaka ya mwanzo mazungumzo yake yaliandikwa yote, mgeni na mwenyeji wakisoma karatasini. Wakati wa vita neno lolote la redioni lilipita kwanza mbele ya mkaguzi. Na wale shakwe, ndege wa baharini, wanaolia mwanzoni mwa kipindi? Wasikilizaji wajuzi wa ndege walilalamika kwamba hao ni wa pwani za baridi, hawapatikani visiwa vya joto. Mtu wa Lamu angewaunga mkono.

Dhana: The Archers ni kisa tu cha kupitisha muda.

Tamthilia hii ya wakulima ilienea nchi nzima kuanzia 1 Januari 1951, vyakula vikiwa bado kwa mgao, na Wizara ya Kilimo ilishiriki ili wakulima wajifunze mbinu bora wakidhani wanafuata umbea wa kijiji cha Ambridge. Waliokulia na Twende na Wakati ya Radio Tanzania wataitambua mbinu hiyo mara moja. Mafunzo yalipungua baadaye, umbea ukabaki, na mkusanyiko wa wiki nzima bado hurushwa Jumapili asubuhi.

Dhana: Mlio wa Big Ben, kengele ya saa ya Bunge la London, redioni ni kanda.

Si kanda. Kuna maikrofoni ndani ya mnara, na Radio 4 hurusha kengele yenyewe moja kwa moja saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku. Jumapili huongezwa saa nne usiku. Rekodi ilitumika wakati wa ukarabati ulioanza 2017, na kengele hai ikarudi Novemba 2023. Ukisikiliza kwa intaneti, hata hivyo, usirekebishe saa yako kwa mlio huo, kwa sababu unakufikia umechelewa kwa sekunde kadhaa.

Dhana: Anayesikiliza redio Uingereza hulipia leseni.

Alilipa, tangu 1922, shilingi kumi kwa mwaka. Leseni ya redio ilifutwa Februari 1971. Leo stesheni hizi hulipiwa na leseni ya televisheni, na asiyehitaji leseni hiyo husikiliza bure.

Dhana: Chati, yaani orodha ya nyimbo zinazouzwa zaidi, imekuwa ikitangazwa Jumapili siku zote.

Vijana wa miaka ya 1970 walikaa na redio kaseti Jumapili jioni, kidole kwenye kitufe cha kurekodi, wakiomba mtangazaji asiongee juu ya wimbo. Lakini orodha waliyokuwa wakiirekodi ilikwisha kutangazwa Jumanne iliyopita. Chati mpya ilianza kufichuliwa Jumapili Oktoba 1987, na Julai 2015 ikahamishiwa Ijumaa, siku ambayo nyimbo mpya sasa hutolewa duniani.