Msimbo ni wa nani? Dhana potofu kuhusu programu uliyotengenezewa kwa agizo

Mteja aliyetengenezewa programu akimaliza awamu ya mwisho ya malipo husema, "Sasa nipeni na msimbo," yaani maandishi ya asili ambayo programu imejengwa nayo. Hapo ndipo ubishi huanza, na mara nyingi pande zote mbili huwa zinachanganya mambo matatu: kuuona msimbo, kuumiliki, na kuweza kuijenga upya programu ikafanya kazi. Mtu anaweza kuwa na moja akakosa mawili.

Dhana: "Nimelipa, kwa hiyo ni wangu."

Inategemea sheria ya nchi gani inahusika na mlitia saini nini. Kenya, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huhesabu kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mkataba useme vingine. Uingereza ni kinyume chake: kwa sheria yao ya 1988, kampuni iliyokutengenezea hubaki na haki mpaka izihamishe kwa maandishi yaliyotiwa saini. Mfanyabiashara wa Mombasa anayeagiza mfumo London asidhani mambo ni yale yale ya nyumbani.

Hata Kenya, kumiliki haki si kukabidhiwa faili. Andikeni kwenye mkataba repo (ghala la msimbo na historia yake) itakabidhiwa lini na katika hali gani. Kisha tengeni maktaba, yaani vipande vya msimbo vilivyo tayari, ambazo fundi aliyeandika programu alikuwa nazo kabla ya kazi yako. Hizo hubaki zake, na wewe unapewa leseni ya kudumu ya kuzitumia na kuzirekebisha ndani ya mfumo wako. Kulazimisha zote ziwe zako ni kumwambia seremala akuachie na randa.

Dhana: "Mfumo uko kwenye seva yangu, basi msimbo ninao."

Kwa programu iliyoandikwa kwa lugha ya PHP, kwa kawaida ni kweli: ukifungua folda unasoma kile kile alichoandika fundi. Kwa zana na lugha nyingine kama React, Flutter au Java, kilichopo kwenye seva au simu ni zao la ujenzi tu, yaani msimbo uliokwisha kugeuzwa kwa ajili ya mashine. Kwa React, palipokuwa na `kokotoaVat(bei, 0.16)` utakuta `a(b,.16)`, na faili zima limebanwa kwenye mstari mmoja. Kuna zana za kujaribu kurudisha nyuma, lakini maelezo ya pembeni hayarudi, na majina ya asili mara nyingi hayarudi pia.

Dhana: "Nitumie zip, inatosha."

Hili ndilo linalowaumiza wateja wengi, kwa sababu zip hupokelewa na kuhifadhiwa bila kufunguliwa, na kasoro hujitokeza fundi akiwa hashiki simu tena. Picha ya folda haina historia: nani alibadilisha hesabu ya riba, lini, na kwa nini. Chukua repo nzima kwa Git, programu inayotunza historia ya msimbo, ukitumia amri `git clone --mirror`, au omba faili moja linalotengenezwa kwa `git bundle create mfumo.bundle --all`, matawi na lebo za matoleo zikiwemo.

Halafu tazama vinavyokosekana. Faili la kufungia matoleo ya maktaba, kama `package-lock.json` au `composer.lock`, lazima liwemo. Bila hilo, ujenzi wa mwakani unaweza kuvuta matoleo mengine na kugoma. Muundo wa hifadhidata uwemo pia, pamoja na hatua zote za kuubadilisha. Faili la `.env`, linalobeba nywila na funguo za mfumo, kwa kawaida haliingii kwenye Git, na ndivyo inavyotakiwa, ila pawe na `.env.example` lenye majina yote bila thamani. Mfumo unaotuma ombi la malipo ya M-Pesa kwenye simu ya mnunuzi kupitia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa, hautaweza kulituma bila funguo za siri zinazoitwa consumer key, consumer secret na passkey, nazo mara nyingi zimo kwenye akaunti ya fundi japo paybill ni yako.

Kwa Android, ulizia keystore, faili lenye ufunguo wa kusaini programu. Programu mpya zilizoingia Google Play tangu Agosti 2021 husainiwa kwa ufunguo unaotunzwa na Google, kwa hiyo ukipoteza wa kupakia unaweza kuomba mwingine. Programu ya zamani ambayo haikuhamishiwa utaratibu huo haina bahati hiyo: ufunguo ukipotea, hutaweza kuitolea toleo jipya.

Jaribio ni moja. Kompyuta tupu, mtu ambaye hakuandika hata mstari mmoja, na README (faili la maelekezo) peke yake: aujenge mfumo mpaka ufanye kazi. Kila swali atakalompigia fundi ni pengo la README. Lipa salio baada ya hapo.

Dhana: "Tumefuta nywila kwenye faili, sasa tunaweza kumpa mteja repo."

Git haisahau. Nywila iliyofutwa leo bado imo kwenye historia, na yeyote mwenye nakala ataiona kwa `git log -p`. Badilisha kwanza funguo zenyewe, kisha ndipo usafishe kwa `git filter-repo`. Ukisafisha bila kubadilisha, nakala za zamani bado zina ufunguo unaofungua. Usafi huo pia hubadilisha vitambulisho vya historia, hivyo timu nzima itabidi ichukue nakala upya.

Dhana: "Mwalike mteja GitHub, tovuti ya kuhifadhi repo, asome tu."

Repo ikiwa chini ya akaunti binafsi, unayemwalika hupata pia ruhusa ya kuandika. Ruhusa ya kusoma pekee hutolewa kwenye repo ya shirika. Bora shirika hilo lifunguliwe kwa jina la mteja tangu siku ya kwanza, fundi ndiye awe mgeni.

Dhana: "Tumetumia GPL, lazima msimbo uwekwe hadharani."

La. GPL ni leseni ya programu huria, na anayestahili msimbo ni aliyepewa programu, si dunia nzima. Leseni ndugu yake, AGPL, huenda mbali zaidi: ukiirekebisha, hata wanaoitumia kupitia mtandao wanastahili kuupata.

Dhana: "Msimbo uko kwa mtunza amana, tuko salama."

Mtunza amana ni mtu wa tatu anayehifadhi nakala ya msimbo na kuitoa kwa masharti. Ni salama ikiwa kinachowekwa ni toleo mnalotumia leo. Mkataba uagize amana mpya kila toleo kubwa, mtunzaji ajaribu kuijenga badala ya kupokea tu, na masharti ya kuitoa yatajwe waziwazi: kampuni kufilisika, au kushindwa kurekebisha hitilafu kubwa ndani ya siku mlizokubaliana, mathalani 30.