Uvimbe kwenye Korodani kwa Mwanamume Anayetafuta Mtoto: Si Lazima Korodani Yote Iondolewe

Mara nyingi uvimbe huu hugunduliwa wakati kinachotafutwa ni kitu kingine. Mimba haishiki, kipimo cha shahawa kinaonyesha mbegu chache au hakuna kabisa, kisha altrasaundi inaonyesha kidoa cha milimita 6 au 8 ndani ya korodani. Vivimbe vidogo namna hii, visivyoshikika kwa vidole, vingi si saratani. Baadhi hutokana na seli za Leydig, zinazotengeneza homoni ya kiume. Kumwondolea korodani nzima mtu wa aina hii bila kuchunguza kwanza ni hasara kubwa.

Kwanza hupimwa damu: AFP, beta-hCG na LDH, viashiria vinavyoweza kupanda kukiwa na saratani ya korodani. Majibu ya kawaida hayatoshi kusema hakuna saratani. Kama mbegu zipo, zigandishwe kabla ya upasuaji. Huhifadhiwa kwenye nitrojeni kimiminika, nyuzi -196 za Selsiasi.

Katika upasuaji wa kutoa uvimbe peke yake, chale hupitishwa kinenani, kamwe si kwenye ngozi ya pumbu. Limfu (majimaji yanayoweza kubeba seli za saratani) ya korodani hupanda hadi tezi za nyuma ya tumbo, ilhali ya ngozi ya pumbu huenda kinenani; kwa hiyo kupasua pumbu au kulichoma sindano ili kuchukua kinyama kunaweza kuifungulia saratani njia mpya. Ukiambiwa utachomwa sindano hapo, kataa, uliza tena.

Kamba yenye mishipa ya damu hubanwa, na korodani hupozwa kwa barafu, kwani ikikosa damu muda mrefu husinyaa. Altrasaundi humwongoza daktari hadi kwenye uvimbe, ambao hukatwa pamoja na tishu kidogo inayouzunguka. Mtaalamu wa patholojia, anayechunguza tishu kwa darubini, huusoma papo hapo, mgonjwa akiwa bado mezani. Ikiwa ni saratani na korodani ya pili ni nzima, kwa kawaida korodani yenye uvimbe huondolewa yote. Ridhaa ya hilo isainiwe mapema. Hospitali isiyo na msomaji huyo ni bora itoe rufaa.

Kwa asiye na mbegu kwenye shahawa, darubini ya upasuaji hutumika hapohapo kutafuta mirija minene ndani ya korodani, yenye uwezekano mkubwa wa kuwa na mbegu.

Shahawa hupimwa tena baada ya miezi 3, kwa kuwa mbegu huchukua siku 70 hivi kukomaa. Altrasaundi na testosteroni (homoni ya kiume) huendelea kufuatiliwa. Korodani ikisinyaa au hamu ya tendo ikipungua, rudi kliniki bila kusubiri tarehe.