Kuzunguka Ulaya Magharibi kwa gari: dhana potofu na ukweli wake

Kinachoharibu mapumziko ya gari kule Ulaya mara nyingi ni vibao vidogo visivyosomwa, karatasi iliyosahauliwa nyumbani na ratiba iliyoshindiliwa. Haya ndiyo yanayosikika sana kwa wanaojiandaa, wawe wanatoka Dar es Salaam au Nairobi, au wanaishi London na wanataka kuvuka maji.

"Ulaya ni ndogo, siku kumi zinatosha nchi saba"

Calais hadi Nice ni zaidi ya kilomita 1,200, na hapo bado uko Ufaransa. Kwenye barabara kuu za kulipia unaruhusiwa kwenda 130 kwa saa, 110 mvua ikinyesha, lakini utakachoona zaidi ni migongo ya malori. Uzuri uko kwenye barabara za mikoa, zile ambazo namba zake huanza na herufi D. Huko kikomo ni 80 sehemu nyingi tangu Julai 2018, na ukiingia kijijini ni 50 au 30. Wastani halisi unabaki kilomita 55 hadi 60 kwa saa, kabla hujasimama kununua mkate. Mtu aliye mapumzikoni apange kilomita 150 hadi 200 kwa siku, na alale usiku mbili tatu mahali pamoja. Nchi mbili zilizoonwa vizuri zinatosha kabisa.

Siku nayo ina uzito wake. Jumamosi za mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, Wafaransa wanaokwenda likizo hupishana na wanaorudi, na foleni za bonde la Rhône hazielezeki. Huduma ya serikali iitwayo Bison Futé hupanga siku kwa rangi: kijani, chungwa, nyekundu, nyeusi. Siku nyeusi, kaa ulipo. Jumapili ni siku nzuri ya mwendo mrefu, maana malori ya zaidi ya tani 7.5 kwa kawaida hayaruhusiwi barabarani Ufaransa kuanzia Jumamosi saa 4 usiku hadi Jumapili saa 4 usiku, na Ujerumani ina katazo kama hilo. Ila Ujerumani maduka karibu yote hufungwa Jumapili, kwa hiyo chakula kinunuliwe jana yake.

"Leseni yangu ina Kiingereza, inatosha"

Kwenye kaunta ya kukodi gari huenda ikapita. Kwa polisi, au kwa kampuni ya bima baada ya ajali, usiitegemee. Ufaransa inataka leseni iliyoandikwa kwa Kifaransa, au iambatane na tafsiri rasmi au kibali cha kimataifa cha kuendesha. Italia na Hispania nazo hudai kibali au tafsiri kwa leseni za nje ya Umoja wa Ulaya. Kibali hutolewa na nchi iliyotoa leseni, hivyo kichukuliwe kabla ya kupanda ndege, na hakina nguvu bila leseni yenyewe kuwa mkononi. Vile "vibali" vinavyouzwa mtandaoni na kutumwa kwa barua pepe ni karatasi tu.

Aliyehamia huko ana saa inayomhesabia: leseni ya nje hukoma kutambuliwa Ujerumani baada ya miezi 6 ya ukaazi, Ufaransa baada ya mwaka mmoja.

"Ukishaingia Schengen hakuna mpaka tena"

Karibu kweli kwa Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Lakini Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, hivyo pasipoti ikae karibu. Uingereza na Ayalandi haziko Schengen: mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka kutoka Calais kwenda Dover, hawezi kurudi kwa viza hiyo.

"Kazi ni kuzoea upande wa kulia, basi"

Kwa wanaotoka Tanzania, Kenya au Uganda upande wa kulia huzoeleka upesi kukiwa na magari mengi, kwa sababu unafuata wenzako. Hatari iko pale usipokuwa na wa kumfuata: unatoka sheli asubuhi na mapema, barabara tupu, mikono inakupeleka kushoto yenyewe. Abiria wa mbele awe na kazi ya kusema "kulia" kila mnapoondoka.

Kinachowagonganisha wageni, hata wanaotoka Rwanda au Burundi waliozoea kulia tangu zamani, ni kanuni ya kumpisha anayetoka kulia. Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, makutano yasiyo na kibao wala taa yana sheria moja: gari linalotokea kulia kwako lina haki ya kupita, hata kama limetoka kwenye kichochoro na wewe uko kwenye barabara pana. Ubelgiji hata aliyekwisha simama haipotezi haki hiyo. Kibao cha kutafuta ni almasi ya njano yenye ukingo mweupe: ukikiona, barabara uliyopo ndiyo yenye haki. Almasi hiyo ikikatwa kwa mstari mweusi, haki imekwisha, na kila kichochoro cha kulia kitazamwe upya. Mara nyingi hukatwa mwanzoni mwa kijiji, mahali ambapo dereva anatazama maua na kanisa.

Kwenye kipilefti zungukeni kinyume cha saa na wapisheni waliomo ndani. Mzunguko wa Arc de Triomphe pale Paris ni kinyume: anayeingia ndiye mwenye haki. Dawa yake ni kutopita pale.

"Barabara za kulipia unalipa getini, huwezi kukosea"

Ujerumani magari madogo hayalipi. Hispania sehemu kubwa ya barabara kuu ya AP-7 ni bure tangu Septemba 2021. Uswisi hakuna mageti: unanunua stika, au ya kielektroniki inayofungwa kwenye namba ya gari, kwa faranga 40 kwa mwaka mzima. Ukikamatwa bila nayo ni faranga 200, na stika bado utainunua. Austria ina mfumo kama huo, lakini wa siku chache unapatikana.

Mtego uko Ufaransa, kwenye A79 na kwenye A13 na A14 za kwenda Normandy. Hapo mageti yameondolewa, kamera husoma namba, nawe una saa 72 za kulipa mtandaoni. Penye mageti, njia yenye herufi "t" ya rangi ya chungwa peke yake ni ya wenye kifaa maalumu. Fuata mshale wa kijani. Ukikwama, bonyeza kitufe cha msaada. Kurudi nyuma ni marufuku na ni hatari.

"Nikiwa na hoteli katikati ya Florence, naingia na gari"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Miji mingi ya Italia ina maeneo ya ZTL, yaani mitaa ambayo magari yasiyoandikishwa hayaruhusiwi kuingia, yenye kibao cha duara jeupe lenye ukingo mwekundu na kamera juu yake. Ubao wa taa ukisema *varco attivo*, maana yake katazo linafanya kazi wakati huo, usiingie. Wageni wengi huona neno hilo wakadhani njia iko wazi. Kila ukipita chini ya kamera ni faini yake, na kampuni ya gari hukata ada ya ziada kwa kutoa jina lako. Ramani ya simu haikuonyi kila mara.

Hoteli iliyo ndani inaweza kuandikisha namba ya gari lako. Waombe kwa maandishi na usubiri jibu. Rahisi zaidi ni kuacha gari Villa Costanza, maegesho yanayoingiliwa moja kwa moja kutoka barabara kuu ya A1, kisha tremu T1 hadi kituo cha Santa Maria Novella.

"Bima kubwa inafidia kila kitu"

Bima ya gari la kukodi huacha kiasi unachobeba mwenyewe, mara nyingi euro elfu moja na zaidi, nacho huzuiliwa kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Tairi, vioo na chini ya gari mara nyingi havimo. Mafuta yasiyo sahihi pia. Bomba la petroli huingia bila shida kwenye tangi la dizeli, ndiyo maana kosa hilo ni la kawaida. Soma alama: duara lenye E5 au E10 ni petroli, mraba wenye B7 ni dizeli. Ukikosea usiwashe hata swichi. Sukuma gari pembeni, upige simu.

"Mlima ni mlima, breki zipo"

Stelvio, njia ya mlimani kule Italia, ina kimo cha mita 2,757 na kona kali 48 upande wa kijiji cha Prato. Shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia; ukikanyaga breki mfululizo zinapata joto na kuacha kushika. Uswisi, basi la njano la posta lina haki kwenye barabara zenye alama yake, na dereva wake akikuelekeza urudi nyuma, unarudi. Njia za juu kama Furka hufunguliwa takribani Juni hadi Oktoba. Chini ya mlima kuna ubao unaoonyesha kama njia iko wazi. Ikiwa imefungwa, gari hupandishwa treni Realp na kushushwa Oberwald.