Kware jike hutaga hata bila dume

Wengi wanaofuga kware nyumbani wanaamini jike hatagi asipokuwa na dume, kwa hiyo hununua jozi jozi. Lakini jike wa kware wa Kijapani huanza kutaga akiwa na wiki 6 hadi 8, dume awepo au asiwepo. Dume anahitajika ukitaka vifaranga tu. Tena madume wakizidi bandani, huwadonoa majike kichwani na mgongoni mpaka wanyonyoke manyoya, inauma kuwaona.

Jaribu mwenyewe. Kwa kware wa rangi ya asili, tazama kifua: cha dume ni chekundu-kahawia bila madoa, cha jike kina madoadoa meusi. Tenga majike watatu, wape chakula cha kutagia, maji na mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku, kisha hesabu mayai kila jioni.