Kubadili matumizi ya jengo la kale: maana yake nini?

Watu wa Kigoma wanalijua jambo hili siku nyingi, ila wanalijua kwa meli. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikaletwa vipande vipande hadi mwisho wa reli, ikaunganishwa upya na kuwa meli ya vita katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isije ikaangukia mikononi mwa adui, lakini kwanza wakapaka mashine grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 ikawa ya abiria na mizigo. Mwili uleule, kazi nyingine.

Jengo nalo likifanyiwa hivyo, ndiko kubadili matumizi. Kazi yake ya kwanza imekwisha, iwe ilikuwa ofisi ya mkoloni, ghala au nyumba ya mfanyabiashara. Limebaki tupu, kisha linakarabatiwa liingie kazi mpya bila kupoteza sura yake. Stesheni ya Kigoma ikipakwa rangi na kuwekewa mabati mapya, huo ni ukarabati tu, maana bado ni stesheni. Na kubomoa nyumba nzima ukabakiza ukuta wa mbele ili watu wapigie picha, hata hapo wapo wanaosema ni kuhifadhi. Mimi sisemi hivyo.

Mara nyingi wanaohamia humo ni asasi zisizo za faida, na sababu iko wazi. Adui mkubwa wa nyumba tupu ni kukosa mtu wa kuona: bati moja limeng'oka, mvua inaingia kimya kimya, mchwa wanapanda hadi kwenye kenchi, na anayegundua ni mpita njia siku dari limeshaanguka. Asasi ina watu wanaoingia na kutoka kila siku, na hailazimiki kuvunja kuta ili ipate maduka ya kupangisha. Mifano ipo. Dar es Salaam, Boma la Kale lililojengwa miaka ya 1866 na 1867 leo ni kituo cha urithi wa majengo. Zanzibar, ndani ya jengo la forodha la zamani, wanafunzi wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi wamejifunza kwa miaka mingi kupiga udi na kanuni, ala za nyuzi za taarabu.

Sasa tuseme ni Ujiji: nyumba ya kale ya matofali ya udongo, ina baraza mbele na mlango wa nakshi, na kikundi cha kina mama washonaji kinaitaka iwe darasa la mabinti. Fundi wa kwanza atakayeitwa ataangalia nyufa na kusema, "Hizi tunapiga lipu ya simenti, zinakwisha." Hapo ndipo nyumba nyingi za namna hii zinapouawa. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Ukiufunika kwa simenti, maji yanabaki ndani. Misimu michache ya mvua ikipita, gonga lipu kwa kidole: inalia kama debe tupu. Siku ikidondoka inaondoka na tabaka zima la udongo. Dawa ni chokaa na mchanga, na fundi asiyekimbilia mfuko wa simenti.

Kazi mpya nayo ina madai yake. Cherehani za umeme zinataka nyaya. Zipite juu ya ukuta, usiuchimbe mifereji. Choo kiwekwe uani, mbali na kuta za udongo. Barazani pajengwe mteremko kwa mwenye kiti cha magurudumu. Mlango wa nakshi usipanuliwe hata kama ni mwembamba. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaitaja milango iliyochongwa kabla ya 1940 kuwa vitu vinavyolindwa. Majengo yenyewe sheria hiyo inayalinda moja kwa moja kama yalijengwa kabla ya 1863, na ya baadaye mpaka yatangazwe. Kwa hiyo nyumba ya Mjerumani unayoiona ya kale sana inaweza kuwa haina ulinzi wowote kisheria. Uliza Idara ya Mambo ya Kale kabla hujagusa kitu, na halmashauri kuhusu kibali.

Lakini kabla ya chokaa kuna karatasi. Asasi inayotafuta fedha za wafadhili kuezeka paa la nyumba ya watu, kwa mkataba wa mwaka mmoja, inamkarabatia mwenye nyumba bure; nyumba ikipendeza, kodi inapanda au mpangaji anatolewa. Mkataba uwe wa miaka mingi, na gharama za matengenezo zikatwe kwenye kodi. Na kwa kuwa nyumba nyingi za aina hii ni za urithi ambao haujagawanywa, kwanza ijulikane nani msimamizi wa mirathi. Ndugu saba wakiwa wamesaini, na wa nane yuko Mwanza hapokei simu, fundi asipande juu ya paa.