Algoriti za kupanga zamu kwenye mtandao wa simu

Mnara mmoja huhudumia simu nyingi kwa masafa yale yale, hivyo lazima kuwe na programu ya kuamua nani apewe nafasi, lini, na kiasi gani. Programu hiyo hufuata algoriti, yaani hatua maalumu za hesabu, ya kupanga zamu. Katika 4G ya LTE uamuzi hutolewa kila milisekunde 1, na mnara wenye upana wa MHz 20 huwa na vipande 100 vya masafa vya kugawa.

Algoriti nyepesi kuliko zote ni ya mzunguko: kila simu kwa zamu yake, bila kujali hali ya mawimbi. Nyingine humpa nafasi mwenye mawimbi mazuri kuliko wote. Hii ya pili hupitisha data nyingi mno, na ukitazama jumla tu utaiona bingwa. Mtumiaji aliye mbali na mnara ndiye anayeambulia patupu.

Katikati ipo ya uwiano, maarufu kwa jina la PF (kifupi cha Kiingereza "proportional fair"). Huchukua kasi ambayo simu inaweza kupata sasa hivi, ikaigawanya kwa wastani ambao simu hiyo imekuwa ikipata. Mwenye jibu kubwa hupita. Tuseme simu ya karibu inaweza megabiti 10 kwa sekunde na wastani wake ni 5: jibu ni 2. Ya mbali wastani wake ni 0.5, lakini mawimbi yake yamepanda ghafla hadi 1.5: jibu ni 3. Zamu inakwenda kwa wa mbali, tena wakati unaomfaa.

Faida hiyo hutokana na mawimbi kupanda na kushuka. Yakitulia kabisa, na kila simu ikiwa na data ya kupokea, PF huishia kugawa muda sawasawa kama mzunguko. Kuzilinganisha kwa mawimbi yasiyobadilika, kwa maoni yangu, ni kupoteza muda.

Udhaifu wa PF ni kwamba haiangalii saa. Faili inayopakuliwa huvumilia kusubiri. Pakiti ya sauti, yaani kifurushi kidogo cha data ya mazungumzo, ikichelewa haina kazi tena. Algoriti nyingine, M-LWDF, huziba pengo hilo kwa kuingiza kwenye hesabu muda ambao pakiti imekaa kwenye foleni. WiMAX, teknolojia nyingine ya intaneti isiyo na waya, nayo iliruhusu sauti itengewe nafasi za kudumu, bila kuomba kila mara.

Viwango vya 3GPP, muungano unaoweka kanuni za mitandao ya simu, havitaji algoriti ya kutumia. Vinaeleza jinsi simu inavyoripoti hali ya mawimbi na jinsi inavyojulishwa zamu yake. Hesabu ya katikati kila mtengenezaji wa mitambo hujipangia mwenyewe.